Namna ya Kuutambua Mbigili Bila Kuukosea: Mwongozo Kamili

Wiki chache baada ya mvua za kwanza, ardhi iliyokanyagwa huanza kuota kitu kabla majani mengine hayajajipanga. Pembezoni mwa zizi Dodoma, nyuma ya goli la uwanja wa shule Isiolo, kando ya barabara ya vumbi kati ya Singida na Shinyanga, unakuta mmea uliolala chini kabisa, umetandaza matawi pande zote, na juu yake maua madogo ya njano. Huo ndio mbigili. Kitaalamu unaitwa *Tribulus terrestris*, jina alilolichapisha mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, mwaka 1753, na uko katika familia ya Zygophyllaceae. Ni mmea wa asili wa Afrika, kusini mwa Ulaya na sehemu kubwa ya Asia. Haukuletwa na meli wala gunia la mbegu. Ni wa kwetu.

Watu wengi wanaujua kwa unyayo tu. Wamechomwa, wakaung'oa mwiba, wakaendelea na safari. Ukiwauliza mmea wenyewe unafananaje, wanakuonyesha chochote kilicho karibu chenye miiba. Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Mama anayetafuta dawa anaweza kuchuma mmea mwingine kabisa, mfugaji akalaumu jani lisilo na hatia, na mwanafunzi akabandika jina lisilo lake kwenye kielelezo. Mwongozo huu unafuata njia moja ninayoiamini: anza na jani, nenda kwenye ua, malizia kwa tunda. Mwiba unathibitisha tu, usianze nao.

Kabla hujatoka

Vifaa ni vichache. Chukua rula ndogo yenye milimita, lenzi ya mkono kama unayo (simu yenye kamera nzuri inatosha), gazeti la zamani na kisu cha kuchimbulia mzizi. Vaa viatu vyenye soli ngumu. Kandambili hazifai hata kidogo, kwa sababu mwiba wa mbigili uliokauka unapenya mpira laini na kufika mguuni. Kama unakwenda kwa baiskeli, iache kwenye lami au kwenye njia iliyo safi, usiisukume ndani ya kiwanja chenye mbigili. Mafundi wa pancha wa miji ya kanda kavu wanaufahamu mmea huu kuliko mabwana shamba.

Muda ni muhimu kuliko vifaa. Maua hufunguka jua likishachomoza, na wakati mzuri wa kuyaona ni kati ya saa mbili na saa tano asubuhi. Mchana ukipamba moto petali hujifunga au hudondoka, na ukifika saa tisa alasiri unaweza kuapa kwamba mmea huo hautoi maua kabisa. Kwa msimu, wiki ya nne hadi ya nane baada ya mvua kuanza ndiyo bora, kwa sababu mmea mmoja unaweza kuwa na maua, matunda mabichi na matunda makavu kwa wakati mmoja. Ukiwahi sana utaona majani pekee. Ukichelewa sana utakuta kamba kavu za matawi na miiba iliyotawanyika.

Hatua ya kwanza: soma mahali

Mbigili unapenda udongo uliovurugwa na wenye jua la kutosha: mchanga au tifutifu kavu, mabega ya barabara, njia za mifugo, viwanja vya mpira, mashamba yaliyolimwa kisha yakaachwa, pembeni mwa reli, maeneo ya minada. Kwenye kivuli cha msitu hauutafuti, na kwenye bonde lenye maji yaliyotuama hauutafuti. Ukitokea kwenye majani marefu huwa umejikongoja juu kutafuta mwanga, na hapo matawi yake husimama nusu badala ya kulala, jambo linalowachanganya wengi waliosoma kwamba "hutambaa". Hutambaa palipo wazi. Penye msongamano huinuka.

Sababu ya kuvumilia joto hilo iko ndani ya mmea. Una mzizi mkuu unaokwenda chini moja kwa moja, na njia yake ya kutengeneza chakula kwa jua ni ile ile ya mahindi, mtama na uwele, inayobana matumizi ya maji hewa ikiwa ya moto. Ndiyo maana unabaki kijani pale ambapo mimea jirani imeshanyauka.

Hatua ya pili: fuata tawi hadi kitovuni

Shika tawi moja kwa ncha na ulifuate polepole kurudi nyuma. Matawi yote lazima yakutane mahali pamoja, juu ya mzizi mmoja. Yanaweza kufika mita moja na zaidi kwa urefu, lakini hayaoti mizizi njiani. Hili ni jaribio zuri la mwanzo: mmea unaotambaa na kushika ardhi kwa mizizi kwenye kila kifundo, yaani pale majani yanapotokea kwenye tawi, si mbigili.

Angalia rangi na vinyweleo. Tawi huwa la kijani lenye wekundu au kahawia, na lina vinyweleo vyeupe, hasa sehemu changa za nchani. Lipindue. Ukilikata halitoi utomvu mweupe. Likitoa maziwa, una mmea wa jamii ya *Euphorbia*, ambayo iko mingi sana kwenye viwanja vya aina hiyo hiyo. Uache hapo hapo na unawe mikono, usije ukajigusa macho.

Hatua ya tatu: jani, na hapa usiharakishe

Kama ungeruhusiwa kutazama sehemu moja tu ya mbigili, ningekuambia utazame majani mawili ya kifundo kimoja. Yanakaa kwa jozi, moja huku na jingine upande wa pili wa tawi, na karibu kila mara hayalingani: moja ni kubwa, mwenzake ni mdogo waziwazi, pengine nusu yake. Ukisogea kifundo kinachofuata, upande hubadilika. Kubwa linakuja pale lilipokuwa dogo. Ukitazama tawi zima kutoka juu unaona mpangilio huo wa kubwa-dogo, dogo-kubwa hadi nchani. Mimea mingi inayofanana na mbigili haina tabia hii, na jani lipo msimu mzima, asubuhi na jioni, mvua na kiangazi. Ndiyo sababu ninaliweka mbele ya ua.

Sasa chuma jani moja kubwa, uliweke juu ya rula. Kwa kawaida lina urefu wa sentimita 2 hadi 6. Limegawanyika katika vijani vidogo vilivyopangwa jozi jozi, jozi 4 hadi 8 hivi, kila kijani kikiwa na urefu wa milimita 5 hadi 12. Nenda hadi ncha ya jani: hakuna kijani cha peke yake mwishoni. Linaishia kwa jozi. Ukikuta kijani kimoja kimesimama katikati ya ncha, rudi ulikotoka, huo ni mmea mwingine.

Weka kijani kimoja chini ya lenzi. Kitako chake kimepinda upande mmoja, hakilingani kushoto na kulia. Mgongo wa kijani una vinyweleo vilivyolala, na ukikigeuza kwenye jua kinang'aa rangi ya fedha, wakati uso wa juu ni kijani zaidi. Majani machanga kabisa nchani hung'aa hivyo pande zote mbili, na ukiwa umesimama, ncha hizo huonekana kama zimepakwa vumbi jeupe.

Hatua ya nne: ua la asubuhi

Ua huota peke yake, halikai kwenye kishada. Linatokea kwenye kwapa, pembe iliyo kati ya jani na tawi, na ukiangalia kwa makini utaona liko upande wa lile jani dogo la jozi. Lina petali 5 za njano ya limau, stameni (vijiti vya chavua) 10 katikati, na upana wake wote ni kama sentimita 1, mara chache kuzidi 1.5. Kikonyo chake ni kifupi kuliko jani lililo karibu nalo.

Pima upana kwa rula, usikadirie kwa jicho. Kipimo hiki ndicho kitakachoamua jambo utakapofika pwani, kama nitakavyoeleza.

Ukiwa umechuchumaa hapo, subiri kidogo. Nyuki huja mapema, na kwa siku tulivu utaona kipepeo mdogo wa bluu-zambarau akirukaruka chini chini. Aghalabu huwa *Zizeeria knysna*, ambaye viwavi wake hula mbigili. Kiwanja kilichokanyagwa hadi kuwa vumbi, na bado kinalisha kipepeo: kwangu hiyo ni sababu tosha ya kutoung'oa kila mbigili unaouona mbali na nyumba.

Hatua ya tano: tunda linapopasuka

Tunda bichi ni la kijani, la mviringo uliobonyea, lina vinyweleo na pembe laini ambazo bado hazijawa ngumu. Limegawanyika mikato mitano. Likikauka hugeuka rangi ya majani makavu na kupasuka kwenye mikato hiyo hadi vipande vitano, kila kimoja kama kipande cha keki chenye pembe. Chukua kipande kimoja. Utaona miiba miwili mikubwa iliyo ngumu, na chini yake kwa kawaida miwili mingine midogo inayoelekea chini, na mgongoni vijivimbe vya kukwaruza. Kwa umbo hilo, kipande kikianguka chini kwa namna yoyote, mwiba mmoja hubaki umeangalia juu. Ndivyo kinavyosafiri, kwa kwato, kwa soli, kwa tairi.

Kipasue kipande kwa kisu ukiwa umekishika kwa koleo. Ndani mna mbegu kadhaa zilizopangwa safu, kila moja kwenye chumba chake, na hazilingani ukubwa. Ile kubwa ndiyo huota kwanza; nyingine husubiri mvua nyingine, au mwaka mwingine. Anayeung'oa mbigili msimu mmoja na kudhani amemaliza kazi atashangaa mwaka unaofuata.

Ukishaona jani lisilolingana na mwenzake, ua la petali tano lililo peke yake na tunda la vipande vitano, una mbigili. Mambo mawili kati ya hayo matatu yanatosha kuandika jina kwa penseli. Kwa kalamu ya wino, subiri yote matatu.

Mimea inayowachanganya watu

Mbaya kuliko yote ni *Oxygonum sinuatum*, kwa sababu sehemu nyingi nao huitwa mbigili, na kwa haki, kwani unachoma vile vile. Huota sana mashambani, hasa kwenye mahindi na maharagwe, na kwenye nyanda za juu kiasi. Tofauti ziko wazi ukizijua. Jani lake ni zima, halina vijani vidogo, na kingo zake mara nyingi zina mikato mirefu. Majani hupishana, moja moja, hayakai jozi. Kwenye kila kifundo kuna ala nyembamba kama karatasi inayozunguka shina, yenye nywele ngumu juu. Maua ni meupe hadi waridi, kwenye kikonyo kirefu chembamba. Tunda lina miiba mitatu inayotoka katikati, wala halipasuki vipande vitano. Majani yake ni machachu na wapo wanaoyala kama mboga. Kwa hiyo mtu akikuambia "mbigili tunapika", muulize kwanza jani likoje.

Kutoka mbali, *Portulaca oleracea* ndio unaodanganya zaidi: unatambaa, una maua ya njano yanayofunguka kwa jua la asubuhi, na unapenda viwanja vile vile. Ukiinama tu shaka inaisha. Majani yake ni manene yenye maji, hayana vijani, shina ni laini lisilo na vinyweleo, na hauna mwiba hata mmoja.

*Chamaecrista mimosoides* una majani yenye vijani vingi na maua ya njano, lakini vijani ni vyembamba sana na ni vingi mno kuvihesabu kwa haraka, majani hupishana, na matunda ni maganda bapa kama ya kunde ndogo. *Acanthospermum hispidum*, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, una tunda lenye pembe mbili ndefu na ndoano mwili mzima. Lakini husimama wima, na jani lake ni zima. Na zile punje za miiba zinazoganda kwenye suruali wakati wa kiangazi mara nyingi ni za nyasi za jenasi *Cenchrus*. Tafuta shina: likiwa la nyasi, mjadala umekwisha.

Ndugu yake wa pwani

Ukishuka pwani, kwenye mchanga wa Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, utakutana na mmea wenye majani ya aina ile ile na miiba ile ile, lakini maua yake ni makubwa kiasi cha kukusimamisha. Huo ni *Tribulus cistoides*. Ua lake lina upana wa sentimita 2 hadi 4, na kikonyo chake ni kirefu, karibu sawa na jani au kulizidi. Mmea wenyewe huishi zaidi ya mwaka, wakati mbigili wa bara kwa kawaida humaliza maisha yake ndani ya msimu mmoja. Hapa ndipo rula inapofanya kazi. Usiamue kwa majani, kwa sababu yanafanana mno. Amua kwa ua na kikonyo.

Spishi hii ya pwani ina nafasi yake katika sayansi ya dunia. Katika kisiwa cha Daphne Major, kwenye visiwa vya Galapagos katika Bahari ya Pasifiki, ukame wa mwaka 1977 uliwaua ndege wengi wadogo wala mbegu. Wanabiolojia Peter na Rosemary Grant walionyesha kwamba waliosalia walikuwa hasa wenye midomo minene, na vipande vigumu vya *Tribulus cistoides* vilikuwa miongoni mwa vyakula vichache vilivyobaki. Mwenye mdomo mdogo hakuweza kuvipasua. Kipande hicho hicho unachokitoa kwenye kandambili huko Bagamoyo kilisaidia watu kuona uteuzi wa asili, yaani wanaofaa mazingira kusalia na kuzaa, ukitokea mbele ya macho yao.

Kuandika na kuhifadhi kielelezo

Piga picha tano: mmea mzima kutoka juu ukiwa na rula kando, jozi ya majani kwenye kifundo kimoja, mgongo wa jani, ua kutoka mbele na tunda. Picha moja ya ua la njano haimsaidii mtaalamu yeyote, na programu za simu za kutambua mimea hukosea sana zikipewa picha ya namna hiyo. Zipe jani na tunda, halafu hakiki jibu lake kwa hatua za hapo juu.

Kwa kielelezo cha kukausha, chimbua mmea na mzizi wake, utandaze kwenye gazeti ukihakikisha baadhi ya majani yamelala kifudifudi na mengine chali. Weka matunda makavu kwenye bahasha ndogo pembeni, la sivyo yatatoboa karatasi zote. Bana kwa mbao au vitabu vizito na ubadilishe gazeti kila siku hadi kikauke. Andika tarehe, kijiji na wilaya, aina ya udongo, rangi ya ua likiwa bichi (hupauka likikauka) na majina ya wenyeji. Muulize mzee au mama wa hapo: "Shikamoo, huu hapa mnauitaje, na mnautumia kwa nini?" Andika jibu jinsi lilivyotolewa, hata kama linapingana na ulichosoma.

Ukibaki na shaka, mkusanyiko wa mimea mikavu ulio kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, ambao chimbuko lake ni Amani, Tanga, na idara za botania za vyuo vikuu kama Dar es Salaam na Makerere, ndiko kwenye watu wa kulinganisha kielelezo chako na vya zamani.

Ukishautambua, ufanye nini

Kwa wafugaji hili ni la lazima. Kondoo, na wakati mwingine mbuzi, wakila mbigili mwingi, hasa ulionyauka kwa jua kali baada ya mvua, ini huathirika na ngozi hushindwa kuvumilia mwanga. Dalili ni masikio na uso kuvimba, macho na fizi kuwa njano, mnyama kukimbilia kivulini. Afrika Kusini maradhi haya yamewaua kondoo wengi. Mtoe mnyama malishoni, mweke kivulini na maji, na uite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwa dawa, niseme wazi. Vidonge vya *Tribulus* vinauzwa mijini kwa ahadi ya kuongeza homoni za kiume, lakini majaribio yaliyofanywa kwa watu hayajathibitisha kwamba vinaipandisha testosteroni. Mwenye kutumia dawa za kisukari au za presha asichanganye na mbigili bila kumwambia daktari wake.

Kwa uwanja wa watoto, uondoe kabla tunda halijageuka rangi. Kata mzizi chini kidogo ya kitovu cha mmea, hautachipua. Kama matunda yameshaanguka, buruta gunia lililoloweshwa au blanketi kuukuu juu ya uwanja, vipande vitanasa humo, kisha vikusanye na kuvichoma moto mahali salama. Usilime, kwa sababu jembe huzifukia mbegu na kuzihifadhi. Huko Marekani, mmea huu ulikoingia kama mgeni, mwaka 1961 walileta fukusi wawili kutoka Italia, *Microlarinus lareynii* anayeshambulia mbegu na *Microlarinus lypriformis* anayeshambulia shina. Kwetu mbigili ni mwenyeji, kwa hiyo gunia na mikono vinatosha. Rudi uwanjani baada ya kila mvua kubwa, ukavute miche ingali na majani mawili matatu.